Joto la Kukaushia Kahawa

Ijuganyondo, Bukoba
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Kemilembe mwanangu,

Umetoka saa tisa kwenda Kashai kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala. Nimekaa kwenye meza yako. Nimesogeza koleo na bisibisi zako pembeni nikapata pa kuweka karatasi. Unajua niliishia darasa la saba, na baada ya hapo, kwa miaka mingi, nilichoandika ni majina ya watu na kilo za kahawa yao. Kwa hiyo nivumilie nikienda mbele na kurudi nyuma.

Habari za safari sitaziandika. Basi la saa ngapi, nani atakupokea Mwanza, pesa uiweke wapi, hayo umeshaambiwa na watu watatu, na mmoja wao nilikuwa mimi. Kazi yenyewe siijui. Nasikia ni vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, na kwamba umeme ukikatika fundi ndiye anayeangaliwa na watu wote. Ndiyo sababu ya kuandika leo. Kuna jambo ambalo hupaswi kulipeleka kwenye kazi hiyo, kwa sababu si lako.

Tangu mama yako afariki nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unaukanyagia, unakubeba, lakini huusikii. Nimepalilia, nimekwenda kanisani, nimekula ulichopika. Watu wanasema Mzee amejikaza. Sijajikaza. Sijalia hata siku moja, na sioni kama ni jambo la kusifiwa. Nakuambia ili usije ukadhani maneno haya yametoka kwangu kwa urahisi kwa kuwa yameandikwa bila machozi.

Nianze na mashine zako.

Ulipozileta mbili zile, zimefungwa kwenye gunia juu ya pikipiki, nilikuuliza zinatengeneza nini. Ukaniambia zinachimba sarafu za mtandaoni. Nikauliza zinachimba wapi. Ukacheka, ukasema hakuna shimo, ni hesabu tu, mashine zinafanya hesabu usiku na mchana, na hesabu zinaleta joto. Hapo nilielewa, kwa sababu hata mimi hesabu zilikuwa zinanitoa jasho. Mama yako alisikiliza yote akauliza swali moja: "Zitalala wapi?"

Zikalala stoo ya kahawa, ukuta mmoja na chumba chetu. Nakumbuka ulivyofanya kazi ile. Ulivuta waya wake wenyewe kutoka kwenye mita, mnene kuliko nyaya zote za nyumba, ukasema hutaki mashine zigombanie njia moja na taa zetu. Ulichimba nje, ukapigilia fimbo ya shaba ardhini ya kumeza umeme ukivuja, ukajaza mkaa na chumvi, na kila wiki ya jua ulimwaga ndoo ya maji pale, mama yako akisema unanywesha mgomba wa shaba. Ulitoboa ukuta chini, upande wa migomba, ili mashine zivute hewa ya kivulini. Upande wa pili ulitoboa juu, ukakunja bati kuwa bomba, mdomo wake ukaangalia chini mvua isiingie. Joto lote likawa linatoka nje. Niliweka mkono pale nikautoa haraka.

Ulinieleza, ukiwa juu ya kiti, mdomoni una misumari: "Tata, joto haliishi. Tunalihamisha tu. Lazima tujue linakwenda wapi."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kama mtu anavyoitikia padre akisoma tangazo la parokia nyingine.

Unakumbuka senene? Ulikuwa umesahau kurudisha chandarua kwenye tundu la chini. Wakaja usiku kwa wingi, mashine ikawavuta, na asubuhi tukawakuta wamejaa kwenye nyavu za feni, wengine wameshakauka. Wewe ulishika kichwa. Mama yako alileta bakuli. Aliwachambua mmoja mmoja, akawaongeza chumvi, akala wawili mbele yako.

"Kemi, mashine yako hatimaye imejifunza kazi," alisema. "Hii ndiyo faida ya kwanza niliyoiona kwa macho."

Ulichukia mpaka ukacheka. Mimi nilikula pia. Walikuwa wameiva vizuri.

Mama yako hakuzichukia mashine zile. Hilo lijue kwanza. Kelele zake zilikuwa kama kiwanda cha kukoboa kilicho mbali, na nyumba yetu haina dari, kuta za ndani hazifiki juu, kwa hiyo tulilala nazo. Siku umeme ukikatika na nyumba ikanyamaza, aliamka. Aliniambia, "Mgeni wa Kemi amenyamaza, sijui anaumwa." Alikuwa na kifua kibaya tangu wewe ukiwa mdogo, na moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alituambia miaka kadhaa kabla ya mashine. Lakini mwaka mzima ule, joto likitoka nje kwa njia yako, hakupata shida yoyote iliyotokana na stoo. Nilikuwepo. Naweza kuapa.

Sasa naja kwangu.

Unajua nilikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha msingi. Usichojua ni jinsi nilivyokuwa mpimaji. Nilikuwa nachota kahawa kiganjani, naitikisa karibu na sikio. Iliyokauka ndani ya ganda lake inalia. Ambayo bado haisemi kitu. Sikuhitaji chombo chochote. Nilikuwa nasema, "Hii bado, waitu, ndugu yangu. Irudishe nyumbani," na mtu anajitwisha gunia lake anarudi. Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuja na mzigo kichwani siku ya mvua, ametembea tangu alfajiri. Nikatikisa, nikamwambia irudishe. Akasimama tu. Watu wa mstarini wakaanza kucheka, naye akaondoka. Nilipomsimulia mama yako jioni, nikitegemea atasema mume wangu hapendelei mtu, aliniuliza, "Ghala lenu halikuwa na kona kavu ya kuianika?" Ilikuwepo. Sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nafikiria sikio langu.

Nilistaafu na sikio hilo. Watu wakaendelea kuniita Mpimaji.

Mwaka jana mwezi wa tano mvua haikukata. Kahawa ya mwanzo ilikuwa imeiva, tukaichuma, ikakosa jua. Niliitandaza sebuleni juu ya mikeka, ikaanza kutoa joto lake na harufu. Jirani yetu Anatory akapita kwenye uzio na mwamvuli wake. "Mpimaji," aliniambia, "nasikia harufu ya kahawa mbichi, au ni pua yangu inaumwa?" Nikamwambia ni pua yako. Akasema, "Basi tutaonana mizanini. Nami nitaleta sikio langu."

Hayo tu. Hakuna mtu aliyenilazimisha kwa njaa wala kwa deni. Niliogopa kutikisiwa kahawa yangu mbele ya watu, ikanyamaza.

Jumatatu ulipokwenda karakana mjini, niliingia stoo. Nikasimama mbele ya bomba lako nikasikia hewa kavu, ya moto, ikitoka kwenda kulowana mvuani bure. Nikaona nimepata. Nililing'oa bati lile, nikaligeuza ndani, nikapanga nyavu za waya moja juu ya nyingine na kahawa juu yake. Ilikuwa kazi nzuri. Hata leo nikiifikiria naona ilikuwa kazi nzuri, na hilo linanisumbua.

Uliporudi ulisimama mlangoni na koti la mvua bado mwilini.

"Tata, umefanya nini?"

"Nimeokoa kahawa."

"Hewa hii ina maji ya kahawa. Mashine zinaivuta tena. Zinapumua pumzi yao wenyewe."

"Siku nne tu."

"Na hili vumbi la ukungu wa kahawa je? Linapita juu ya ukuta. Mama analala pale."

Mama yako akaitikia kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu aliyejifunika: "Mwache baba yako akaushe kahawa yake. Akirudishwa mizanini tutakaa naye vipi humu ndani?"

Mlicheka wote wawili. Nami nikacheka.

Jumanne alianza kukohoa. Jumatano usiku alikaa kitandani, hakulala chini. Chumba kilikuwa cha moto kama jiko lililofunikwa, huku nje kuna baridi ya mvua. Nilimfungulia dirisha, mvua ikaingia, nikalifunga. Sikuingia stoo.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, ulikuja mlangoni mwetu. Nakumbuka maneno yako yote. Ulisema, "Nimezima. Nimeshusha swichi kubwa ya mashine. Mama apumue. Tata, jioni tutarudisha bomba." Ukaondoka. Nyumba ikanyamaza. Mama yako akalala kidogo, ameegemea mto.

Saa nne niliingia stoo nikachota kahawa kiganjani. Nikaitikisa. Nusu ilikuwa inalia. Nikahesabu kwamba mpaka jioni yote italia.

Kemilembe, nilikwenda kwenye ukuta nikaipandisha swichi ile. Ilikuwa chini. Ilikuwa chini kabisa, kama ulivyosema. Niliipandisha kwa mkono wangu wa kulia.

Mashine zikaanza. Mama yako akauliza kutoka chumbani, "Zimerudi?"

Nikasema, "Kidogo tu."

Akasema, "Haya."

Saa nane aliniita, na hakuweza kumaliza jina langu. Mengine unayajua. Gari la jirani, hospitali, hewa ya mtungi. Wewe ulipita nyumbani kwanza kumchukulia kitenge na blanketi, ukazikuta mashine zinanguruma. Ulinikuta kwenye benchi nje ya wodi.

"Tata, mimi nilizima. Nani kawasha?"

Nikakujibu, "Umeme ulikatika ukarudi. Zimewaka zenyewe."

Sikukaa kufikiria. Uongo ulitoka kama kikohozi. Na wewe, kwa kuwa unaijua kazi yako, ulijua kwamba swichi kubwa ikiwa chini mashine haiwezi kuwaka yenyewe hata umeme ukirudi mara mia. Kwa hiyo hukunishuku mimi. Ulijishuku wewe. Ulisema polepole, "Basi sikuishusha. Nilibonyeza ile ndogo tu, nikadhani nimeshusha." Ukautazama mkono wako. Nami nikakuona ukiutazama. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema neno moja. Muuguzi akatuita.

Alifariki alfajiri. Daktari alisema ni moyo, kwamba ungeweza kusimama wiki ile au mwezi ule. Sijui kama ni kahawa yangu. Hakuna atakayejua. Sikuandikii kukuambia nimemuua mama yako, wala kwamba sikumuua. Nakuandikia kuhusu swichi, kwa sababu hiyo naijua.

Tulimzika Ijumbi kwenye kibanja cha wazee, katikati ya migomba yao. Siku ya pili ya matanga tulikuwa tumekaa kwenye nyasi, wanawake wakimenya ndizi nyuma ya nyumba. Shangazi yako Leokadia alisema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona: "Mtoto analeta moto usiozimika ndani ya nyumba ya mgonjwa, mlitegemea nini? Msichana wa kuchezea umeme." Mwingine akaitikia. Ulikuwa unapita na beseni la maji. Hukusimama, wala maji hayakumwagika. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeinamisha kichwa. Wote walidhani ni msiba.

Baada ya hapo mashine hazikuwashwa tena humu ndani. Mnunuzi alipokuja kutoka Muleba hukutaka hata kuzijaribisha mbele yake, akajijaribishia mwenyewe. Na tangu wakati ule nakuona. Unazima taa, unatoka, unarudi kuitazama. Unachomoa pasi, unaushika waya wake mkononi mpaka mlangoni. Kuna siku ulirudi kutoka barabarani, umeshavaa viatu vya kazi, ukaingia ukaangalia mita, ukaondoka tena. Nilikuwa nakunywa chai. Mwaka mzima nimekunywa chai nikitazama jambo hilo.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza, na sina jibu zuri. Mwanzoni niliona nisubiri mazishi yaishe. Kisha arobaini. Kisha ikawa uongo umezoea nyumba, una kiti chake, na kuutoa ingekuwa kama kuuanza msiba upya. Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akiwa na haraka ya kuonekana yuko sawa, husogeza mzigo kwa aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni yule anayempenda, kwa sababu hatakataa kuubeba. Mama yako alisema, "Haya." Wewe ulisema, "Basi sikuishusha."

Jana nilipokuambia naenda Muleba kuangalia mbegu, nilikwenda Ijumbi. Nilimkuta Leokadia anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa.

Nikamwambia, "Dada, mashine niliziwasha mimi. Mtoto alikuwa amezizima."

Hakuinua macho. "Unamfunika mtoto. Anasafiri, unataka aende mwepesi."

"Nasema kweli."

"Hata sisi baba alitufunika. Wewe hasa."

"Leokadia. Swichi ilikuwa chini. Nikaipandisha, kwa ajili ya kahawa."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama kwa muda, kama mimi nilivyokuwa nawatazama watu na magunia yao.

"Kwa ajili ya kahawa," alisema. "Na mimi niliposema yale, ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukaniacha niseme."

"Ndiyo."

Akamwaga maharage sufuriani. "Chakula kiko tayari. Utakula au hutakula?"

Nikala. Tulikula ndizi na dagaa. Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka kwenye njia. "Sijui kama nakuamini," alisema. "Nikikuamini itabidi nikuchukie, na nimebaki na wewe tu. Lakini mwambie mwenyewe. Mimi mdomo wangu nitajua pa kuuweka."

Ndipo nikarudi.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia chini kabisa ya begi lako, uisome ukiwa umeshafika. Nimelifungua begi. Nikaona blauzi zako zimekunjwa vizuri, nikalifunga. Kuitia humo kungekuwa tena kusubiri uwe mbali ndipo niwashe kitu. Kwa hiyo nitaiweka mezani kesho asubuhi, kabla hujanywa chai. Basi linaondoka saa nne, utakuwa na muda wa kuisoma mara mbili. Mimi nitakuwa kibanjani, upande wa chini, karibu na mibuni. Ukitaka kunijia na maneno yoyote, utanikuta. Sitajitetea. Ukitaka kuondoka bila kuja, Anatory ameshakubali kukubebea mzigo mpaka stendi, na sitakufuata huko.

Weka karatasi hizi. Nimeandika jina langu na kazi yangu chini kama nilivyokuwa naandika kwenye stakabadhi, ili mtu yeyote wa ukoo akikutajia mashine, umpe asome. Na siku ukiwa peke yako kwenye vyumba vile vya baridi, umeshusha swichi na moyo unakuambia rudi ukaangalie, ujue mkono wako haukuwahi kukosea. Ulisema umezima, na ulikuwa umezima.

Sikuombi unisamehe. Hilo ni lako na la wakati wako. Ombi langu ni dogo. Huko utakakokuwa kutakuwa na watu wapya, na watakuuliza una nani nyumbani. Usiniache nje ya jibu. Sema nina baba, yuko Ijuganyondo. Usiongeze neno lolote zuri. Nikumbuke kwa kiasi hicho.

Baba yako,
Tryphone, mpimaji